Dogo Mwenye Upara

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Msimamizi wetu anastaafu. Jumamosi Bosi atamtaja wa kushika nafasi yake. Cheo ni changu. Nani mwingine? Miaka kumi na tisa niko kwenye cherehani ya dirishani, nashona sare za shule hata nikifumba macho. Bosi anasema inaonekana.

Kikwazo ni kimoja tu: jina. Karakana yetu ina mtindo wake. Aliyeajiriwa mwisho huitwa Dogo mpaka aje mwingine. Baada yangu hajaja mtu! Nina miaka arobaini na minne, nina upara, binti yangu ananishinda urefu, na bado Dogo ni mimi, chai nachemsha mimi, nyuzi nafagia mimi. Leo Fundi Suruali, niliyemzidi umri kwa miaka mitatu, kaniita mbele ya mteja: Dogo, hebu lete pasi. Mteja akachungulia nyuma yangu akimtafuta mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumanne, 4 Machi

Dawa ni kujipa heshima. Nimevaa miwani ya marehemu baba mkwe, nimeshika na bakora. Nimekohoa kabla ya kila neno. Nimemwambia Fundi Suruali kwamba sisi watu wazima hatupendi kelele.

Tatizo, ile miwani haionyeshi kitu. Nimeshona mikono yote miwili ya shati upande mmoja. Fundi Suruali akauliza kwa sauti kama Dogo siku hizi anacheza baba na mama peke yake. Akacheka mpaka akajichoma sindano. Afadhali.

Jumatano, 5 Machi

Nimeyawaza haya majina asubuhi nzima badala ya kushona. Dogo. Bwana mdogo. Kinda. Mbichi. Mtoto wa juzi. Yote nimeshaitwa, nayameza. Lakini mwenyekiti wa vijana mtaani kwetu ana miaka hamsini na nane na wajukuu wanne, na akiitwa kijana anatabasamu mpaka masikioni! Kumbe ukiwa na kiti, ujana ni sifa. Ukiwa na ufagio, ni tusi.

Nikamweleza Mama Watoto. Akasema anayelilia kuitwa mtu mzima ana utoto mwingi. Nilibamiza mlango, nikakataa chakula mpaka nilipoitwa mara ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Akija mtu mpya, udogo unahamia kwake. Nimemwendea Bosi nikamwambia sare zimetuelemea, tuongeze fundi mmoja. Bosi kanitazama kwa mshangao. Kasema Dogo ameanza kufikiri kiutu uzima, na kwamba yuko mtu anamfahamu, kesho atakuja. Yaani akili ninazo, basi tu!

Nimeweka birika na ufagio kwenye kigoda cha mgeni. Nimeagiza pia kila mtu anyamaze, nimkaribishe mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Mgeni kaja. Loh! Mama wa miaka sitini, mvi tupu, tepu shingoni, miaka thelathini kwenye ushonaji. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikamkabidhi ufagio, nikasema karibu sana, Dogo.

Yule mama akanitazama toka juu hadi chini, wala hakukasirika. Akauliza kwa upole mimi ni mtoto wa nani.

Fundi Suruali alitoka nje akashika ukuta kwa kicheko. Mpaka jioni wote walishamwita Mama. Chai yake nimechemsha mimi. Anapenda tangawizi nyingi.

Jumamosi, 8 Machi

Msimamizi mpya ni Mama. Kaajiriwa jana! Nikamfuata Bosi ofisini nikidai haki yangu. Akafungua droo akanionyesha karatasi. Ilikuwa ya Alhamisi, imeshasainiwa, ina jina langu. Jina langu kamili! Sikujua hata kama analijua. Akasema alikuwa anangoja Jumamosi tu, mpaka alipoona jana nampa ufagio mtu wa umri wa mama yake. Kisha akaichana.

Nilitoka nikiwa na machozi. Nimesema ni vumbi la vitambaa.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari sana na nimekomaa. Kosa langu ni upole. Kwa hiyo nimezira. Siongei na mtu, sili, na kesho siendi kazini ng'o, mpaka Bosi, Mama na Fundi Suruali waje wote watatu kunibembeleza.

Saa saba mchana. Hajaja mtu. Binti yangu kaweka sahani nje ya mlango wa chumba, kabisha hodi, kaondoka akicheka. Nimekula, lakini kwa kununa. Nimerudisha sahani bila kusema asante. Tuone sasa nani mtoto.