Namba Nyekundu Katika Msitu wa Mwalimu Wahome

Jumatano, 4 Juni 2025
Mgongo umekataa. Miaka mitatu nachonga mawe hapa Nyeri. Kwetu Budalangi, kando ya ziwa, naenda Krismasi tu. Lakini leo kuna habari. Msitu wa Mwalimu Wahome unatafuta mtu wa kutembeza wageni. Marehemu alichunguza miti yote ya humo, akaichora. Picha zimejaa ukutani getini. Jumamosi kila mwombaji atamtajia mkuu wa hapo, Madam Sophie, majina ya miti ishirini wakitembea humo. Kazi ya kutembea na kuongea! Theuri, tunayechonga naye, ameomba pia. Amezaliwa hapa. Ameniambia, "Wewe mtu wa samaki, miti unaijua ikiwa kuni."

Alhamisi, 5 Juni
Nimeingia kama mgeni, mkebe wa rangi nyekundu ya machimbo ndani ya koti. Nimepaka miti ishirini, namba ishirini, na majina nimeyanakili kutoka picha za getini kwenye karatasi mfukoni. Muiri mkubwa, ambao Mwalimu aliuchora mara nyingi kuliko yote, ni namba moja. Theuri na azaliwe tena.

Ijumaa, 6 Juni
Msumeno umelia msituni. Theuri akasema ni Ngatia, ameitwa kukata miti iliyougua. Nikauliza ataijuaje. "Si iko na namba nyekundu. Hata mtoto anajua."
Nikaacha nyundo hewani. Nikamkuta Ngatia amepiga magoti mbele ya namba moja. Nikaukumbatia muiri, nikapiga kelele kuna nyuki. Akatoka mbio kushinda nilivyokuja mimi. Hakuna mti uliokatwa, asante Mungu. Nimesugua namba kwa mafuta ya taa hadi giza. Kucha bado nyekundu.

Jumamosi, 7 Juni
Theuri ametaja ishirini bila kupumua. Mimi minne, na mmoja ulikuwa nguzo ya stima. Kazi amepata yeye. Madam Sophie akaniita kando. Nikaficha kucha. Kumbe Ngatia amemwambia kuna mtu aliukumbatia muiri kuuokoa! Ameniambia nafasi nyingine itatoka mwezi ujao, nijaribu tena. Akauliza kama namjua mjinga aliyeandika zile namba. Nikasema hapana, madam. Nimedanganya kama mtoto, mchana kweupe.

Jumapili, 8 Juni
Nikitoka kanisani nimeokota mkebe wa rangi ya bluu, karibu umejaa. Theuri anasema ni wa wapimaji. Wanaweka alama mahali barabara mpya itapita. Sawa. Mradi si nyekundu. Kesho jioni naanza na muiri.