Hulka ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Mchungaji amerudi kutoka semina na kasha la fomu. Amefundishwa kwamba kila mtu huumbwa na hulka yake tangu tumboni, na kumshauri mtu kiroho bila kujua hulka yake ni kumtia dawa ya macho anayeumwa jino. Hulka ni nne: Moto, Upepo, Maji, Udongo. Maswali tisini, unaweka alama ya vema tu.

Kanisa linatafuta mshauri. Lazima awe Maji: mtulivu, msikivu, asiyemkata mtu kauli. Nilimkata kauli nikamwambia asitafute mbali.

Nimekuwa karani hapa miaka kumi na moja. Mpinzani ni mmoja, fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya. Tunamwita Dada Pole. Ukijikwaa, anakupa pole kabla hujafika chini.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaza fomu. Nimejumlisha mara tatu. Moto. Themanini na mbili kati ya tisini!

Mke wangu akasema hilo angeniambia bure. Mama, ambaye tunakaa naye, alicheka mpaka akakohoa. Anadai nilizaliwa nikimfokea mkunga.

Dada Pole ni Maji, themanini na saba.

Ila fomu zinatunzwa na mimi. Jina liko kwenye kibandiko juu ya ukurasa. Mvuke wa birika hulegeza gundi. Sisemi zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Imekwisha. Kibandiko changu kiko kwenye fomu yake, chake kwenye yangu.

Mchungaji alisoma matokeo baada ya ibada ya mchana. Dada Pole aliitazama fomu yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa viatu visivyo vyake. Mchungaji akatuwekea mikono kichwani, mmoja kulia mmoja kushoto, akaomba kila mmoja atembee katika hulka yake kama ilivyoandikwa.

Nikaitika amina, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia. Amina ya Dada Pole ilitingisha kioo cha dirisha.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ni yangu. Viti viwili, pazia la kijani. Wateja wa kwanza: mwalimu wa hesabu na mkewe. Nilisikiliza saa nzima. Mwalimu alisema upuuzi mara sita. Kila mara nilitafuta neno kali, na mahali pake palikuwa patupu, kama ulimi unapotafuta jino lililong'olewa. Waliondoka wameshikana mikono. Ushindi.

Alasiri nikasikia kelele chumba cha cherehani. Dada Pole alikuwa anamfokea mwimbaji aliyechelewa kupimwa. "Usiniegemee," alimwambia, "mimi si ukuta."

Huo ni msemo wangu. Niliurithi kwa marehemu baba. Sijawahi kuutumia kanisani.

Ijumaa, 7 Machi

Chakula cha jioni kilikuwa baridi. Nikala, nikashukuru. Mke wangu alitabasamu. Nikashukuru tena. Akahamisha kiti chake upande wa pili wa meza, na macho hakuyaondoa kwangu mpaka tumeinuka.

Nilipoingia kumsalimu mama alinitazama usoni, na macho yake ni mazima kuliko yangu. Akanikaribisha vizuri, akaniwekea mto.

"Karibu, mgeni," akasema. "Keti umsubiri. Mwanangu bado yuko kazini."

Nikakaa. Tukamsubiri wote wawili.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mlango uligongwa kwa kiganja, mara tatu haraka, ndivyo nigongavyo mimi. Mama akaita kutoka chumbani kwamba huyo sasa ndiye mwanawe. Alitoka bila fimbo, akamkumbatia Dada Pole.

Dada Pole hakujitoa. Aliniambia hajalala tangu Jumatano. Mumewe amehamia kwa shemeji yake. Hasira humjia tumboni, na pamoja na hasira mambo mengine: kovu la goti ambalo kwake halipo, shule ambayo hakusoma.

"Namkumbuka na mkunga," akasema. "Mikono yake ilikuwa baridi. Kaka, nirudishie yangu."

Nikamwambia pole. Ilitoka yenyewe.

Tumepanga hivi: leo nirudishe vibandiko, kesho Mchungaji atuombee upya. Mama alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alinieleza kwa adabu, kama anavyoelezwa mpita njia, kwamba tabia ni ngozi, na ngozi ya mwanawe aliiogesha yeye mwenyewe. Akaniuliza kama na mimi nina mama, na kama anajua niliko.

Nikalia kidogo. Nitarudisha. Nimeapa.

Jioni. Niko ofisini na birika. Fomu yake nimeitengeneza, Maji yamerudi kwa mwenyewe. Iliyobaki ni yangu. Na chini yake, ndani ya faili, nimeikuta fomu ya Mchungaji. Udongo, themanini na tisa. Udongo huheshimiwa. Udongo hausumbuliwi na mama wala mke. Na mwezi ujao makanisa yote yanachagua mwangalizi wao mkuu.

Nilidhani ujanja wangu uliondoka na ule Moto. Kumbe ujanja hauulizwi popote katika yale maswali tisini. Huo nimebaki nao.

Maji yanachemka.

Jumapili, 9 Machi

Maombi yalifanyika mbele ya kusanyiko. Mchungaji alituwekea mikono, akajiombea na yeye mwenyewe. Dada Pole akashusha pumzi, akampa pole mtu aliyepiga chafya kiti cha nyuma. Amepona. Mimi nilisikia kitu kizito kikitua miguuni, kikapanda, kikanyamaza.

Mahubiri hayakuchukua dakika nne. Mchungaji aliwafokea wanakwaya, akamfokea mpiga kinanda, akatupa miwani. Mama akasimama kiti cha mbele. Alipanda madhabahuni polepole, akamfuta jasho kwa kitambaa chake, na Mchungaji akamwinamia, akamwita mama.

Saa tisa mama alipitia nyumbani na kapu, akachukua nguo zake. Alimshukuru mke wangu kwa miaka yote hii. Mimi alinipa mkono. Amekwenda kuishi kwa mwanawe.

Nimekagua chumba chake. Mita tatu kwa nne, dirisha zuri, mwanga wa asubuhi. Nimeshapima mahali pa meza. Kitafaa sana kwa ofisi ya mwangalizi.