Kesi ya Mbuzi Imetajwa Mara Themanini na Nne

Mheshimiwa Mkuu wa Itifaki, uliyenitangulia kwa kunitangaza, mheshimiwa Naibu wake, uliyemtangulia yeye kwa kumtangaza, waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, makaimu wa wakurugenzi wasaidizi, nanyi mnaokaimu nafasi za makaimu, mzee wetu Hakimu, uliyeketi hapa kulia kwangu na faili magotini, ndugu makarani, ndugu askari magereza, ndugu mawakili mliofika na mliotuma udhuru, waheshimiwa mahakimu wapya arobaini mlioketi safu ya mbele na majoho yenu meusi mazito katika jua hili, ndugu mahabusu mliotupangia viti tangu alfajiri, asanteni, vimenyooka, na ninyi wananchi mliojaa uwanja huu wa mahakama kuanzia saa mbili asubuhi mkidhani leo kuna kesi: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi, kama mnavyofahamu, na asiyefahamu asome bango lililo nyuma yangu, ambalo herufi zake nimehakikisha ni kubwa kuliko za jina la mahakama, ndimi Mratibu Mkuu wa Mpango Kabambe wa Kuharakisha Kasi ya Mashauri, kwa kifupi KUKAMA. (Sauti kutoka nyuma: Mnatukama kweli!) Asante, ndugu mdau, naona jina limekwishaeleweka hadi ngazi ya chini. Na kabla sijaanza, nasisitiza kwamba bado sijaanza, tujifunze kaulimbiu. Nikisema "Faili!" ninyi mseme "Lipo!" Faili! (Wananchi: Halipo!) Tutarudia baadaye. Mabadiliko ya fikra ni mchakato.

Ndugu wananchi, mezani kwangu yamefika malalamiko kwamba kesi za jinai zinachelewa kwa sababu ya upungufu wa mahakimu, na mimi kama mtaalamu niliyehudhuria semina kumi na moja za jambo hilo nimeona nije mwenyewe niyajibu kwa takwimu. Mahakama hii inahitaji mahakimu tisa. Inaye mmoja. Huyo mmoja leo amefika kazini, maana yake mahudhurio ya mahakimu wetu ni asilimia mia moja, kiwango ambacho mahakama zenye mahakimu wengi hazijawahi kukiota! (Makofi. Mkurugenzi mmoja anaamka na kupiga makofi pia.) Na kwa kuwa mzee wetu yuko hapa meza kuu, na mtu hawezi kuwa mahali pawili, nimeelekeza mashauri yote ya leo yaahirishwe, ili tupate nafasi ya kutosha ya kuzindua uharakishaji wake. (Sauti ya mwanamke: Mheshimiwa, leo ni hukumu ya mume wangu!)

Keti, mama. Wewe wa gauni la kijani, keti, maswali yako ukurasa wa hamsini. Karani, huyu ni nani? Aa. Karani ananinong'oneza kwamba huyu ni mke wa fundi viatu, na fundi viatu anashtakiwa kwa wizi wa mbuzi mmoja jike, na fundi mwenyewe ndiye huyu aliyesimama nyuma yangu akinishikia mwavuli. Kumbe! Karibu, fundi. Inua kidogo, jua linanipata sikioni.

Sasa mama analia kwamba kesi ya mumewe imecheleweshwa, na mimi sipendi kubishana na mama wa watu, nitamsomea tu kumbukumbu zilivyo. Katika miaka saba, ndugu wananchi, kesi ya mbuzi imetajwa mara themanini na nne. Narudia, kwa faida ya waandishi wa habari waliokwenda kunywa soda: mara themanini na nne! Mimi na ukubwa wangu huu wote nimetajwa magazetini mara tatu, tena mara mbili kwa ubaya. Nani kati yenu, anyooshe mkono, amewahi kutajwa na serikali mara themanini na nne? (Mahabusu sita wananyoosha mikono.) Mnaona! (Mwanamke: Kutajwa tumekubali, kusikilizwa je?) Kusikilizwa nako kumo, mama. Imesikilizwa mara nne, na katika hizo nne, mbili hata mshtakiwa alikuwepo.

Lakini tusiangalie shilingi upande mmoja, maana wapinga maendeleo hawasemi mazuri. Kesi hii ilipofunguliwa, kielelezo kilikuwa kimoja, yaani mbuzi. Akafungwa pale nyuma ya masjala, na kwa utunzaji makini wa taasisi, na dume fulani la jirani ambalo uchunguzi wake unaendelea, leo vielelezo ni kumi na saba! Hilo ni ongezeko la asilimia elfu moja na mia sita! (Mbuzi wanalia kutoka nyuma ya jengo. Vicheko.) Hata vielelezo vinaunga mkono hoja. Nionyesheni idara nyingine ambayo mali zake zinaongezeka zenyewe bila kamati ya manunuzi. Na hii chai ya maziwa mnayoiona hapa meza kuu mnadhani imetoka wapi? KUKAMA, ndugu zangu, si jina la kubuni. (Makofi. Mkurugenzi anasukuma kikombe chake mbali.)

(Sauti ya mzee: Mimi ndiye mlalamikaji! Mbuzi wangu alirudi nyumbani mwenyewe siku ya tatu! Nilikuja kusema mwaka uleule!) Ndiyo, baba, ulikuja, tunakumbuka, na maelezo yako yalipokelewa, yakagongwa mhuri, yakaingizwa kwenye sistimu, na sistimu ikaenda likizo. (Mzee: Mbuzi mliyemkamata ni wa fundi mwenyewe, alimnunua!) Baba, hayo ya mbuzi ni wa nani ndiyo tunayoita masuala ya kiufundi, tusiyaingize kwenye sherehe.

(Mwanamke: Mheshimiwa, alichukuliwa nikiwa na mimba ya miezi mitano. Leo binti yangu yuko darasa la kwanza. Asubuhi ameniuliza, mama, baba anafananaje? Hukumu yenyewe ni ukurasa mmoja, mzee Hakimu ameshaiandika, iko magotini pake. Nakuomba, baba yangu, ukurasa mmoja tu!)

Fundi, mwavuli unatikisika.

Mama, nimekusikia, na imeniingia, hata nimesahau nilikuwa ukurasa wa ngapi. Wa nne. Basi nikutoe wasiwasi kwa kutangaza habari njema niliyokuwa nimeipangia ukurasa wa arobaini: mzee wetu Hakimu, kwa kutambua uchapakazi wake wa peke yake, amepandishwa cheo! Kuanzia kesho anahamia makao makuu kuwa Msimamizi wa Warsha za Kujadili Upungufu wa Mahakimu. (Makofi ya meza kuu. Wananchi wanaguna.) Na yeyote ambaye hukumu yake itakuwa haijasomwa hadi ofisi ifungwe leo saa tisa na nusu, asiwe na hofu hata kidogo, shauri lake litaanza upya kwa hakimu mwingine, upya kabisa, kutoka ukurasa wa kwanza, kama vile hakukuwahi kutokea kitu. (Kelele. Mwanamke: Saa hizi ni saa tisa na dakika kumi!) Ndiyo maana nawasihi msinikatize, nina kurasa hamsini na mbili.

(Mwanamke: Basi nipe mmoja katika hawa arobaini! Aje asome tu, kusoma!) Mama, mama. Hawa arobaini ndio awamu ya kwanza ya mpango, matunda ya jasho langu, lakini bado hawajaapishwa, na hakimu ambaye hajaapishwa haruhusiwi kufungua kinywa. Sivyo, waheshimiwa? (Mahakimu arobaini, kwa sauti nne zinazopatana: Ndiyooo!) Mmeona nidhamu hiyo? Mmesikia besi ile?

Sasa Mkuu wa Itifaki ananivuta koti. Nini tena? Ratiba inasema mzee Hakimu atoe salamu kabla ya ukurasa wa tano. Lazima? Basi itifaki ni itifaki, mimi siwezi kuivunja. Karibu, mzee, dakika moja, utusalimie tu na uniage. Shika maikrofoni, usiigonge, ni ya kukodi.

(Hakimu anasimama, anavaa miwani, anafungua faili.) Mzee, salamu hazihitaji miwani. (Hakimu: Shauri la jinai namba kumi na tisa. Mshtakiwa yupo?) Mzee Hakimu, nimesema salamu! (Fundi viatu: Nipo, mheshimiwa.) Fundi! Mwavuli! Unaniacha juani! (Hakimu: Mlalamikaji alipata mbuzi wake. Mashtaka hayana miguu wala kichwa. Nakuona huna hatia. Mbuzi aliyekamatwa ni wako, na wote aliozaa humu mahakamani ni wako. Miaka saba siwezi kukurudishia, na kwa hiyo nakuomba radhi. Uko huru, nenda nyumbani. Salamu zangu zimeisha.) (Vifijo. Vigelegele. Viti vinaanguka. Mzee mlalamikaji anacheza peke yake katikati ya uwanja.)

Naomba utulivu! Ndugu wananchi, utulivu! Mama wa gauni la kijani, usimkumbatie hivyo, mkononi bado ana mwavuli wa serikali, una namba! Askari, mbona na wewe unapiga vigelegele? Na nani amefungulia vielelezo? Fukuza huyo, anatafuna utepe! Utepe wa uzinduzi! Mama, angalau chukueni njia ya pembeni na hilo kundi lenu, msipite mbele ya meza kuu, mnaniondolea watu! Wote mnakwenda wapi? Mnamsindikiza? Nimebakiza kurasa arobaini na nane!

Haya. Haidhuru. Iandikwe kwamba shauri la miaka saba limemalizika ndani ya dakika moja chini ya uongozi wangu, na hilo linaitwa matokeo makubwa ya haraka. (Mkurugenzi mmoja anapiga makofi, anatazama kushoto na kulia, anaacha.)

Kwa kuwa karani anafunga milango, niruke hadi shukrani. Nawashukuru wakurugenzi waliobaki, wote wawili. Namshukuru mzee Hakimu, ambaye naona keshapanda gari, kwaheri mzee. Na kwa namna ya pekee kabisa naishukuru kwaya ya chuo cha ualimu, sauti zote nne, kwa kukubali kukaa saa nzima bila kuimba, kazi ambayo kwa kwaya najua ni mateso, na nawakumbusha majoho yarudi stoo ya chuo leo hii, kesho kuna mahafali. Mahakimu wenyewe arobaini, tuambizane ukweli kwa kuwa tumebaki wenyewe, hawapo na hawajawahi kuwepo, wala barua ya kuwaomba haijaandikwa, kwa sababu mwandishi wa barua nilimtuma akachapishe bango. (Kwaya inavua majoho na kuanza kuimba.)

Tumalizie na kaulimbiu, nyinyi mahabusu mnaokusanya viti, itikieni kwa nguvu. Faili! (Mahabusu: Lipo!) Safi sana! Gereza! (Mahabusu: Lipo!) Hakimu! (Mahabusu: Hayupo!)

Ninyi ndugu zangu mnaorudi rumande, mko wengi na muda hautoshi, siwezi kumshukuru kila mmoja kwa jina lake. Jueni tu kwamba leo, kwa mara nyingine tena, mmetajwa.