Kodi ya Chipsi Nyumbani kwa Fundi Maulidi

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda kliniki na mke wangu. Muuguzi Jenifer amenipima sukari, akapima tena, halafu akaitazama mashine kana kwamba imemvunjia heshima. Anasema nimebakiza kidogo tu nianze kuchomwa sindano kila siku. Kilo tisini na nane. Nirudi baada ya wiki mbili, na nirudi nimepungua. Nikamweleza kwamba sisi watu wa Tukuyu tunavaa nguo nyingi kwa sababu ya baridi. Akaniambia nivue koti. Nikavua. Tisini na saba na nusu.

Jioni kulikuwa na wataalamu redioni. Wanabishana kama serikali itoze kodi vyakula vya kunenepesha, yaani soda, chipsi na jamaa zake. Mmoja anasema bei ikipanda watu watapunguza kula. Mwingine anasema atakayeumia ni maskini, maana tajiri atanunua chipsi hata zikifika bei ya mbuzi. Mimi nikapiga meza. Nikasema watozwe, tena wasionewe huruma! Nilikuwa namfikiria Lugano, mama anayekaanga chipsi mbele ya baraza yangu ya ushonaji hapa mtaa wa Bagamoyo. Foleni yake inaziba njia, na moshi wake unaingia kwenye vitambaa vya wateja. Kodi ingemhamisha.

Mke wangu, Mwanahalima, akazima redio. Akauliza kama nimesema kweli. Nikamjibu kwamba mwanamume hasemi mara mbili. Akashusha kopo tupu la maziwa ya unga, akatoboa mfuniko kwa kisu. Serikali ya Dodoma bado inafikiria, akasema, ila ya kwake imeshapitisha. Kuanzia leo, nikila chochote kilichokaangwa au nikinywa chenye sukari, natia kwenye kopo hela sawa na bei yake. Binti yetu Najat, ambaye amemaliza kidato cha sita na sasa anajua kila kitu, akaunga mkono hoja.

Nimejichongea mwenyewe.

Jumanne, 6 Mei

Uji bila sukari. Mchana ndizi za kuchemsha na matembele. Yussuph, fundi mwenzangu kwenye baraza, amekula chipsi mayai sahani mbili mbele ya macho yangu. Yussuph anakula kuliko mimi na amebaki mwembamba kama sindano ya cherehani. Nimemuuliza kama ni haki mimi nitozwe na yeye aachwe. Amesema kodi haijali haki, inamkamata aliye karibu.

Nimekunywa soda moja. Nimelipa. Sarafu zimelia kwenye kopo mpaka Najat akazisikia kule uani.

Alhamisi, 8 Mei

Nina mpango. Kodi hutozwa kwa kinachoonekana. Kisichoonekana hakitozwi, na wafanyabiashara wakubwa wote wanalijua hilo. Nimekubaliana na Lugano: nikitundika futi ya kupimia dirishani, alete chipsi kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Akasema ndaga, fundi, asante, akaniongezea kachumbari ya bure. Mwanamke mwema. Nilikuwa simwelewi tu.

Saa tisa, sahani ipo mapajani, Mwanahalima akatokea na mwavuli. Ameniletea ndizi. Nikafunika sahani kwa kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni kanzu ya Idi ya Mzee Husseni, imamu wetu. Nyeupe. Kitambaa aliletewa na mwanawe kutoka Oman.

Mke wangu alikaa nusu saa anazungumza na Yussuph habari za mvua. Mafuta hayana haraka. Alipoondoka, imamu alikuwa na doa kifuani la ukubwa wa kiganja. Nikaweka sabuni, doa likatanuka. Nikaweka majivu, likawa la kijivu.

Yussuph anasema sina ujanja, ninunue kitambaa kingine Mbeya kwa fedha yangu. Ningelipa kodi mwaka mzima nisingefika huko.

Jumapili, 11 Mei

Mambo ya ajabu serikalini. Kwa kuwa nakula kwa magendo, kopo halipati kitu. Asubuhi Mwanahalima amelitikisa, uso ukamshuka. Amesema alikuwa na shughuli na hela hiyo. Hakusema shughuli gani. Nadhani ni mabati ya jiko, maana linavuja.

Saa nne nyumba nzima ikanukia. Vitumbua! Sambusa! Bagia! Vyote kavipanga mezani, kopo katikati, na yeye kakaa pembeni anatazama nje. Nikala. Nikalipa. Nikala tena.

Najat akauliza serikali hii inataka baba apone, au inataka aendelee kuumwa ili mapato yasikauke. Mama yake akamwambia akaoshe vyombo. Lilikuwa swali zuri sana na ningelijibu, ila mdomo ulikuwa umejaa.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwomba mke wangu aondoe kodi. Ameniambia ataiondoa siku ile suruali ya kahawia itakapofunga. Niliishona mwenyewe kwa harusi ya mdogo wake, na ni muda mrefu sasa kifungo na tundu lake hawajaonana. Majaribio ni Jumamosi.

Amesahau kaolewa na fundi. Kila suruali ninayoshona naiachia akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, kwa sababu wateja wa huku wakinunua suruali wanataka iwatoshe hata wakinenepa, mpaka wazikwe nayo. Leo nimeufumua mshono, nimetoa akiba yote, nimeshona upya. Uzi wa kahawia ulikuwa umeisha. Nimetumia mweusi. Nani atachungulia huko?

Jumamosi, 17 Mei

Nimeivaa mbele yao. Kifungo kimeingia bila hata kuvuta pumzi. Nikaingiza na vidole viwili kiunoni kuwaonyesha nafasi iliyobaki.

Mwanahalima akaziba mdomo kwa mkono. Akakaa chini. Akalia. Kulia sikukutegemea. Akasema marehemu baba yake kule Nkunga alianza hivihivi. Kwanza kiu, halafu kidonda kidogo cha kidole, halafu wakamkata mguu, halafu wakamzika. Tangu Jumatatu ile ya kliniki hajapata usingizi, kazi yake ni kunisikiliza kama bado napumua. Akafungua kopo. Hela si ya mabati. Ni ya kununua mashine ndogo ya kupimia sukari nyumbani, na ilipopungua ndipo akakaanga vile vitumbua, na amemwomba Mungu msamaha kwa hilo. Akanishika mkono. Kodi imefutwa.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini Najat alikuwa ameingia na sinia la pilau la kunipongeza, na mdomo ulikuwa tayari wazi.

Nimekula sahani mbili. Ya pili sikusikia ladha yake. Nimelala kifudifudi nisiuone uso wake anavyolala kwa raha.

Jumatatu, 19 Mei

Kliniki. Nilishauri tuahirishe kwa sababu ya mvua. Mke wangu akasema Tukuyu ukingoja mvua ikatike utazikwa hujapimwa. Amenichagulia suruali ya kahawia mwenyewe. Alitaka Jenifer aione.

Mizani haina mshono wa kufumua. Mia moja na moja. Sukari Jenifer hakuipima mara ya pili safari hii. Amevuta droo akatoa sindano, akauliza kwa upole nimekuwa nakula nini. Kabla sijajibu, Mwanahalima alishaanza kunitetea. Akasema mashine zao mbovu, mume wake amepungua, suruali iliyomshinda miaka sasa inamtosha, dada hebu tazama mwenyewe. Akanigeuza. Akainua koti.

Nikasikia kidole chake kwenye mshono wa nyuma, kinafuata uzi mweusi taratibu kutoka kiunoni mpaka unapoishia. Sijawahi kupimwa hivyo.

Tumerudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Ameushika yeye, na njia nzima ameuelekeza upande wangu. Alipofika nyumbani bega lake moja lilikuwa limelowa chapachapa. Afadhali angenitukana.

Usiku ameweka mezani mashine ya sukari, mpya, bado ipo kwenye boksi. Kando yake kopo, wazi, halina kitu. Amesema, Baba Najat, serikali imejiuzulu, wewe kula. Amekwenda kulala chumbani kwa Najat.

Jumanne, 20 Mei

Sindano ya kwanza. Amenichoma Najat. Mzee Husseni amepita kuulizia kanzu, nikamwambia bado naiwekea nakshi kifuani.

Yussuph ameniona nilivyo, akaacha hata kula. Ameniambia niende kwa mke wangu kama mtu mzima, nikae chini, nimweleze yote, pamoja na futi ya dirishani. Nimemshukuru. Nimeyafikiria maneno yake mchana kutwa, kwa unyenyekevu, bila kushona hata tundu la kifungo. Mwisho nimekubali kwamba nimekosa. Tena kosa lenyewe liko wazi, sijui kwa nini sikuliona mapema.

Uzi. Fundi wa miaka yote hii unatiaje uzi mweusi kwenye kitambaa cha kahawia? Nimeshanunua wa kahawia, wa kutosha. Nyuma akiba imeisha, lakini pembeni bado kuna nafasi ya vidole viwili.

Jioni nimerudi na zawadi ya kuomba radhi. Chipsi kuku kwa Lugano, yangu na yake, na soda kubwa ya kunywa pamoja. Nimebisha mlango wa Najat. Nimemwita Mama Najat kwa sauti ya chini. Nimesikia kitanda kikilia, nikajua yu macho. Mlango haukufunguliwa.

Nimekaa mezani nikimngoja. Chipsi zikaanza kupoa, na chipsi zilizopoa hazifai. Nimekula zangu. Kisha nimekula zake, maana kutupa chakula ni dhambi. Halafu nimetia hela kwenye kopo, za sahani zote mbili na soda, bila kuamrishwa na mtu. Nimelibeba mpaka mlangoni kwao, nikalitikisa ili asikie kwamba nimelipa.