Vita vya Desibeli Ishirini na Tatu

Tegeni masikio, enyi mliokula chumvi nyingi na enyi mnaoilamba tu. Zimeni simu zenu, maana kisa hiki hakitaki kukatizwa. Nasimulia habari za Jemadari wa Masafa, Mkwea Minara Asiyewahi Kukwea Hata Mmoja, mhandisi wa mawasiliano kwa cheti na mgeni wa kudumu kwa dada yake, na jinsi alivyoingia vita ambavyo wenye ndevu zao wamevikimbia.

Zilitangazwa nafasi nne za wahandisi, za kugombewa kwa mtihani, na waombaji wakafurika kama siafu. Mara mbili Jemadari alikwisha kuuvamia mtihani huo, na mara mbili ukamrudisha nyumbani mikono mitupu. Mwakani umri ungempita, mlango ungefungwa, naye angekwenda kuuza makava ya simu dukani kwa shemeji yake. Hilo alikuwa akiliogopa kuliko mauti.

Basi akajiandaa, na mjinga gani angesema hakujiandaa? Aliiteka meza ya dada yake fundi cherehani, dada akawa anakatia vitambaa sakafuni. Akachora ratiba ya rangi tano, na siku ya kwanza ilipompita kabla hajaamka vizuri, hakusoma, bali alichora ratiba nyingine nzuri kuliko ile. Kitabu chenyewe alikianzia nyuma, kwenye majibu, akiyakariri kama kasuku, na jibu asilolipenda aliliandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Kitabu kimekosea."

Hata Alhamisi, mtihani ukiwa Jumamosi, vita vikazuka katika kundi la watahiniwa simuni. Swali lilikuwa hili: mitambo miwili, kila mmoja ukitoa nguvu ya desibeli ishirini, kwa pamoja inatoa desibeli ngapi?

"Arobaini, enyi wana wa mashaka," Jemadari akatuma. "Hata mtoto wa chekechea anajua kujumlisha."

Hasimu wake, aliyepewa jina la Mnara kwa urefu wake, akajibu maneno matatu tu: "Ishirini na tatu."

Loo! Jemadari akasimama kitini. Akaandika hotuba ndefu ya kumsuta Mnara, akianzia shule aliyosoma na kuishia kwenye viatu anavyovaa, akabonyeza kutuma, na papo hapo bando la intaneti likaisha, hotuba ikakwama njiani. Mhandisi wa mawasiliano akakatikiwa na mawasiliano katikati ya matusi.

"Dada yangu, nguzo ya ukoo wetu," akanena, "nipe bando, maana heshima ya nyumba hii i hatarini."

"Heshima ya nyumba hii umeilalia hapo mezani," akajibu dada, pini zikiwa mdomoni. "Mtihani keshokutwa. Kitabu hakili bando. Soma."

Ndipo akakifungua kitabu kwa mbele, si kwa kutaka elimu, hasha, bali kutafuta rungu la kumpigia Mnara. Akafika ukurasa wa nne, nchi ambayo mguu wake haukuwahi kuikanyaga, akakuta imeandikwa: desibeli hazijumlishwi kama machungwa, nguvu ikiongezeka maradufu, desibeli huongezeka tatu tu. Akasoma, akarudia. Akaikumbuka mitihani miwili aliyoanguka na arobaini zote alizozijaza humo kwa kujiamini, akaona aibu, aibu ya kweli.

"Dada," akasema polepole, "kumbe miaka yote hii nilikuwa sijui."

"Sisi tulijua." Kisha dada akamtazama, akaona machozi yanamlengalenga, moyo ukamlainika. Akamrushia bando kidogo kutoka simu yake. "Haya, lakini usitukane mtu."

Jemadari akaifuta hotuba. Akaandika neno zito kuliko yote aliyowahi kuyabeba: "Ni ishirini na tatu. Mnara yuko sahihi, mimi nilikosea."

"Kumbe?" akajibu Mnara. "Mimi nilinakili tu majibu ya nyuma ya kitabu. Hebu tufafanulie, mhandisi, inakuwaje?"

"Tufafanulie," wakadakia wengine, kundi zima.

Jemadari akazikumbuka nafasi nne. Akamkumbuka shemeji na makava yake. Akapima haki na hila kama kadhi barazani, kisha akatoa hukumu:

"Someni ukurasa wa nne."

Waandishi wa historia wote wameafikiana juu ya yaliyofuata. Vikamiminika vidole gumba vya kumshukuru, na hakuna hata mmoja aliyesoma. Isipokuwa Jemadari wa Masafa, ambaye alizima simu na kufunua ukurasa wa tano.