Cheti cha Kudai Afya

Kwa niaba ya Kitengo cha Uratibu wa Kujitolea, natangaza kwamba katika eneo letu kujitolea kiholela kumekomeshwa. Sasa watu wanajitolea kwa utaratibu. Na kwa kuwa hakuna aliyejitolea kunisifu, nitaeleza mwenyewe.

Chanzo cha yote ni fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, ambaye kibaraza chake kinatazamana na zahanati. Mwaka juzi binti yake mkubwa alifika pale na uchungu saa tisa na dakika kumi alasiri. Zahanati hufungwa saa tisa kamili, kwa mujibu wa waraka wa wizara. Binti alijifungulia kwenye benchi la nje, na mtoto hakuishi. Ofisi yetu ilisikitika kwa barua.

Fundi hakuridhika na barua. Alianza kukusanya watu kibarazani jioni: kinyozi, muuza mkaa, mwalimu mstaafu, wakunga wawili wa zamani. Wakagawana mitaa, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba saini. Dai lao lilikuwa moja tu, chumba cha kujifungulia kisifungwe saa yoyote. Walikuwa na haraka, kwa sababu binti mdogo wa fundi naye alikuwa na mimba ya miezi sita.

Nilimwita fundi ofisini, nikampa kile kiti kisichoyumba sana.

"Mama, mnachofanya ni kizuri," nikamwambia. "Tatizo ni kwamba mnakifanya."

"Sijakuelewa, mwanangu."

"Hamjaratibiwa."

Nikamweleza Waraka Namba Saba, ambao niliuandika mwenyewe kwa wiki tatu bila kumuuliza mtu. Unasema kwamba mtu yeyote, bila kujali cheo, haruhusiwi kuzungumzia huduma za afya mbele ya umma mpaka awe na cheti cha uzima. Daktari wa zahanati athibitishe kuwa macho yanaona, masikio yanasikia na akili ni timamu. Maneno "bila kujali cheo" niliyaongeza kwa sababu sentensi ilikuwa fupi mno.

"Na mgonjwa je?" akauliza.

"Mgonjwa hawezi kudai matibabu, mama. Ana maslahi binafsi."

Akanitazama kama anayenipima suti. "Cheti kinapatikana wapi?"

"Zahanati."

"Hiyo hiyo tunayoilalamikia?"

"Ndiyo iliyo karibu."

Nilitegemea agombe. Watu wa aina yake hupiga kelele, na kelele nimeiwekea kifungu chake. Yeye akaomba nakala ya waraka, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wa mikasi. "Sawa, mwanangu. Sheria ni sheria," akasema. Nikamwona mtu mwelewa sana.

Kesho yake wakaanza kupanga foleni, watu arobaini. Zahanati ina daktari mmoja, na kipimo cha presha kimoja ambacho mpira wake umefungwa kwa plasta. Wiki ile daktari alikuwa kwenye semina ya kupunguza foleni, wakamsubiri. Walikuja na vigoda na kazi zao. Kinyozi alinyoa vichwa sita kabla hajafika dirishani. Akija mjamzito au mtoto mwenye homa, walimpisha. Aliyelalamika kuwa anachelewa walimweleza kwa nini anachelewa, na jioni naye akajiandikisha. Baada ya miezi mitatu wale arobaini wa mwanzo walikuwa mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja na cheti chenye mhuri. Nikaripoti ngazi za juu kwamba mwitikio ni mkubwa. Tumbo la binti mdogo nalo lilikuwa limekua, maana halikuhitaji kibali.

Mheshimiwa Waziri akapendezwa, akasema atakuja mwenyewe kuwazindua hao wenye vyeti. Tukaandaa jukwaa mbele ya zahanati, viti vyenye vitambaa, wapiga picha wa televisheni, na fulana zilizoandikwa AHSANTE KWA HUDUMA BORA. Ili wakorofi wasipande kuzungumza, niliagiza vyeti vikaguliwe kwenye ngazi za jukwaa. Kazi hiyo nikampa fundi. Ingempa heshima, na ingemweka mbali na kipaza sauti.

Ratiba ilisema saa nne asubuhi, kwa hiyo Mheshimiwa alifika saa nane na nusu mchana. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

"Karibu, Mheshimiwa," fundi akasema. "Cheti."

Waziri akacheka. Sisi tulio nyuma yake tukacheka pia, kwa itifaki.

"Mama, mimi ndiye mgeni rasmi."

"Najua, baba. Lakini imeandikwa bila kujali cheo." Akaitoa ile nakala, akamsomea taratibu, amegeukia kamera kidogo.

Mheshimiwa akanitazama. "Nani kaandika hiki?"

Nikatazama viatu vyangu, nikaona vinahitaji rangi.

Kamera zilikuwa zinarekodi, kwa hiyo akatabasamu. "Sawa. Dakika tano tu. Hata mimi naheshimu utaratibu." Tukaenda zahanati. Muuguzi akampa namba thelathini na nane kupitia dirisha. Akaketi kwenye benchi la nje, kati ya bibi mwenye kikohozi na seremala aliyejikata kidole. Kwa dakika kumi alitafuta kiongozi wa kumlalamikia, mpaka akakumbuka kuwa kiongozi huyo ni yeye.

Saa tisa kamili muuguzi akatoka na funguo. "Tumefunga, baba. Njoo kesho mapema."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Ndiyo, baba. Saini yako ile pale," akasema, akimwonyesha waraka uliobandikwa mlangoni.

Wakati huo binti mdogo wa fundi alikuwa anakuja, ameshikiliwa na wale wakunga wawili, amekaza meno. Umati ukampisha, maana walishazoea kupisha. Fundi akaiacha ngazi yake, akaja akasimama kando ya benchi. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Sogea kidogo, baba, mwanangu akae," akamwambia Waziri. "Dada yake alijifungulia hapo hapo ulipokaa. Mtoto hakuishi."

Nakiri kwamba niliona aibu, jambo ambalo halimo kwenye majukumu yangu.

Mheshimiwa akainuka haraka kama aliyekalia kaa la moto. "Fungua mlango huu," akamwambia muuguzi, "na usifungwe tena." Mlango ukafunguliwa. Saa kumi na moja jioni alizaliwa mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, akalia mpaka jukwaani tukamsikia.

Asubuhi wizara ikatoa ufafanuzi kwamba Mheshimiwa alimaanisha siku ile tu, na aliyesikia zaidi ya hapo alisikia vibaya. Kabla sijamaliza kuusoma, fundi alikuwa mlangoni kwangu na wenzake mia mbili na kumi na mmoja. Wakapita mmoja mmoja, wakaweka vyeti mezani. Masikio yanasikia, akili ni timamu, saini ya daktari, mhuri wa serikali.

"Sote tumesikia 'usifungwe tena', mwanangu," fundi akasema. "Au vyeti vyenu ni vya uongo?"

Nilipiga simu juu, wakauliza vyeti ni vingapi, kisha wakaufuta ufafanuzi.

Sasa wauguzi wapo kwa zamu na mlango hauguswi. Wizara ilitaka mtumishi wa kukaa pale kuhakikisha haufungwi, na Mheshimiwa akanikumbuka kwa jina. Nina cheo kipya, Mratibu wa Mlango, na kigoda. Juzi upepo wa pale ukanishika kifua, nikaomba mapumziko ya siku mbili. Wamenijibu kwamba nilete cheti cha daktari.

Kwa hiyo nayaandika haya nikiwa kwenye benchi, namba hamsini na tisa. Daktari bado ni mmoja, na kipimo bado kina plasta. Fundi amepita amembeba mjukuu wake, nikamwomba awakusanye watu wake wanisemee kidogo kuhusu foleni hii.

"Watasema wao," akanijibu kwa huruma kabisa. "Wewe kaa kimya, mwanangu. Unaumwa, una maslahi binafsi."