Programu Inaniuliza Kama Nina Uhakika

Mnero, Nachingwea
Jumatano

Kwa Mjomba Eusebio,
Mtengenezaji wa programu ya maktaba yetu.

YAH: MAJIBU YA PROGRAMU YAKO

Shikamoo Mjomba. Sisi hatujambo. Nashukuru kwa programu uliyoitengenezea shule yetu, ile ya skrini nyeusi ambayo mtu huiandikia amri nayo ikajibu. Sina ugomvi na kazi yake. Ninayoyalalamikia ni majibu yake.

1. Siku ya kwanza niliiandikia "Shikamoo". Ikajibu, "Amri haijulikani." Mjomba, hapa Mnero inajulikana.

2. Nikikosea inasema, "Hitilafu ya 14." Haisemi nimekosea nini wala nifanyeje. Nimebaki nawaza zile kumi na tatu nilizifanya lini. Ingetosha kusema, "Namba ya kadi haipo. Iandike upya."

3. Iliniambia, "Subiri." Nikasubiri mpaka makande yakaisha jikoni. Mwalimu Aurelia alipokuja kufunga chumba ndipo akagundua kwamba yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinisubiri mimi nibonyeze kitufe.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Orodha ya vitabu vyetu 312 inatakiwa iwafikie wafadhili kabla ya Ijumaa, la sivyo sanduku la vitabu vipya litapelekwa shule ya Marambo. Nimevihesabu mara tatu. Kila nikitaka kuituma, programu inauliza, "Una uhakika?" Niliandika "Nadhani." Ikakataa. "Kiasi." Ikakataa. "Mungu akipenda" nayo ikakataa. Inataka Ndiyo au Hapana tu. Hata Askofu siku ya Kipaimara hakunibana hivi.

Naomba basi kila jibu lianze kwa salamu, liulize hali ya mikorosho, lieleze kilichotokea, litoe pole, ndipo liage. Na lile swali la mwisho liwe, "Umejitahidi?" Hilo naweza kulijibu bila kusema uongo.

Mama anashukuru kwa salfa ya mikorosho uliyotuma. Msalimie Brigita na wote hapo kwako, hata jirani yule asiyeitikia.

Mpwa wako mtiifu,
Marselina Linus,
Kidato cha Tatu, mtunza maktaba.

Nyongeza: Goreti, ninayekaa naye dawati moja, ameisoma barua hii akasema mtu anayeweza kumwandikia mjomba wake haya yote hashindwi kuandika Ndiyo. Tumekwenda wote maktaba. Nimeandika. Programu imejibu neno moja tu, "Imefika," nami nimeelewa kila kitu. Tafadhali Mjomba, usiongeze hata salamu.